Damu tumboni: kabla jamaa haijauza vitu vya nyumba kwa ajili ya skaneri

Baba mmoja aliyehama na jamaa yake kutoka Masisi, na ambaye anaishi katika kibanda cha shitingi upande wa Minova, alianza kupata choo cheusi siku ya Jumatatu. Alinyamaza. Siku ya Jumatano alianguka akiwa amebeba gunia la makala. Kwenye kituo cha afya walimtia maji ya mshipa na kumpa karatasi ya kumtuma mbele. Kwenye hospitali ya pili waliandika neno moja tu: skaneri. Mke wake akauza mashini ya kushona, kitu pekee cha kazi alichofaulu kukimbia nacho. Akalipa boti, akalipa moto ya kumfikisha mgonjwa, akalipa kitanda, akalipa na skaneri yenyewe. Picha zikatoka safi. Hakuna mahali palipoonekana damu ikivuja.

Siku mbili baadaye, daktari mmoja wa zamu alimuuliza mgonjwa maswali mawili. La kwanza, choo chake kilikuwa cha rangi gani. La pili, alikuwa anameza dawa gani. Ndipo ikajulikana kwamba tangu miezi miwili alikuwa ananunua diklofenaki sokoni, kidonge kimoja kimoja, kwa sababu ya mgongo. Siku hiyo hiyo akafanyiwa fibroskopi katika hospitali ile ile, na kidonda kikaonekana mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Baba huyo yuko hai. Lakini baada ya kupona alikaa wiki tatu zaidi hospitalini, si kwa sababu ya ugonjwa, bali kwa sababu ya deni.

Habari kama hiyo inasikika mara nyingi katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, na kila mara mazungumzo ya wakaaji yanaishia mahali pamoja: kukosa mashini. Watu wanasema skaneri ni chache, ziko katika miji mikubwa tu, na bei yake inamshinda raia. Hayo yote ni kweli. Lakini si kweli kwamba mtu anayetokwa na damu tumboni anakufa kwa kukosa skaneri tu. Wengi wanakufa au wanafilisika kwa sababu hakuna utaratibu: nani aulizwe nini kwanza, kipimo gani kifanyike kwanza, na pesa chache za jamaa zilipie nini kwanza. Serikali ya jimbo, hospitali na mashirika ya misaada wanapaswa kurekebisha utaratibu huo sasa, kabla ya kuahidi mashini nyingine mpya.

Ili kuelewa kwa nini picha za yule baba zilitoka safi, inafaa kujua kwanza damu ya tumbo inatoka wapi. Njia ya chakula ni ndefu sana. Utumbo mwembamba wa mtu mzima peke yake una urefu wa karibu mita 6, na utumbo mpana mita moja na nusu hivi. Tundu dogo kuliko punje ya mahindi linaweza kujificha mahali popote katika njia hiyo. Madaktari huigawa sehemu mbili. Sehemu ya juu ni umio, tumbo lenyewe na mwanzo wa utumbo mwembamba. Sehemu ya chini ni kutoka hapo hadi kwenye njia ya haja kubwa. Damu nyingi inayoletwa hospitalini hutoka sehemu ya juu.

Rangi ya choo inasema mengi. Damu inayotoka juu hukaa muda mrefu tumboni, inasagwa pamoja na chakula, na mwishoni hutoka nyeusi kama lami, inanata na ina harufu kali. Damu inayotoka chini mara nyingi hutoka nyekundu. Kutapika damu, au kutapika kitu kinachofanana na unga wa kahawa, ni alama ya damu ya juu. Kuna jambo moja la kuangalia: damu ya juu ikitoka kwa nguvu sana inaweza kushuka haraka na kuonekana nyekundu. Kwa hiyo mtu anayetoa damu nyekundu nyingi, anayetoka jasho baridi na kusikia kizunguzungu, asifikiriwe kuwa ana bawasiri tu.

Sasa kila kipimo kina kazi yake. Ekografi, ile ambayo wamama wengi wanaijua kwa sababu ya mimba, haionyeshi vizuri kidonda ndani ya tumbo, kwani hewa iliyo ndani ya utumbo inaizuia. Lakini inaonyesha ini, bandama, na maji yaliyojaa tumboni. Fibroskopi ni mpira mwembamba wenye taa na kamera unaopitishwa mdomoni. Huo ndio unaoona kidonda chenyewe kwa macho, na mara nyingi daktari anaweza kuziba mshipa hapo hapo kwa sindano, kibanio au moto. Kazi hiyo si mpya: mpira wa kwanza wa namna hiyo, wenye nyuzi za kioo, ulionyeshwa na daktari Basil Hirschowitz huko Marekani mwaka 1957. Kwa sehemu ya chini kuna kolonoskopi, inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa, na mgonjwa lazima asafishwe utumbo kwanza.

Skaneri inafanya kazi kwa njia tofauti. Mgonjwa anadungwa dawa ya rangi yenye madini ya iodini ndani ya mshipa, halafu mashini inapiga picha nyingi kwa sekunde chache wakati dawa hiyo inapita katika mishipa. Kama damu inavuja ndani ya utumbo wakati huo huo, dawa nayo inavuja, na daktari anaona doa jeupe mahali pasipofaa. Kama damu imesimama kwa muda, hata kwa saa moja tu, doa hilo halionekani. Mama anayetafuta tundu katika bidoni anajua jambo hilo: bidoni ikiwa tupu, tundu halionekani. Anaitia maji, anaiinua, anatazama tone linatokea wapi.

Na tone hilo lazima liwe kubwa kiasi. Skaneri ya mishipa huona damu ikiwa inavuja kwa kiasi cha mililita 0.3 hadi 0.5 kwa dakika. Nusu mililita kwa dakika ni mililita 720 kwa siku, yaani ile chupa kubwa ya bia ya sentilita 72 inayojulikana katika kila nganda ya Kongo. Mtu anayepoteza nusu ya chupa hiyo kila siku anaelekea kufa, lakini skaneri inaweza kutoka safi. Kipimo kingine, cha kutia alama ya mionzi ya teknesiamu katika chembe za damu, kinaona hata mililita 0.1 kwa dakika, lakini alama hiyo hupoteza nusu ya nguvu zake kila baada ya saa 6, na inahitaji maabara ambayo si rahisi kuiweka katika majimbo yenye vita. Na tangu mwaka 2001 kuna kamera ndogo kama kidonge ambayo mgonjwa anaimeza ili ipige picha utumbo mwembamba wote. Nayo ni ya bei kubwa, na haizibi kitu.

Hii haimaanishi kwamba picha hazina faida. Kinyume chake, zilibadilisha upasuaji. Zamani, mgonjwa akitokwa na damu ya chini bila kujulikana mahali, daktari wa upasuaji alifungua tumbo na kutafuta kwa mikono, na wakati mwingine alikata kipande cha utumbo kisichokuwa na kosa, damu ikaendelea kutoka kwingine. Mwaka 1963 madaktari Moreye Nusbaum na Stanley Baum wa Philadelphia walionyesha kwamba dawa ya rangi ikipitishwa kwa mrija ndani ya mshipa wa utumbo, mahali pa kuvuja panaweza kupatikana kwa picha. Kutokana na kazi hiyo ndipo madaktari walikuja kuweza kuziba mshipa kutoka ndani bila kufungua tumbo. Skaneri ya leo inafuata njia hiyo: inamwambia mpasuaji, au yule wa mrija, aende wapi.

Lakini inafaa kutumiwa kwa nani? Kwa mgonjwa anayetokwa na damu nyingi wakati huo huo na ambaye fibroskopi haikuona kitu, au ambaye damu yake inatoka chini kwa nguvu. Kwa mtu aliyepigwa risasi au kipande cha bomu tumboni na ambaye hali yake inaruhusu kupelekwa kwenye mashini. Kwa mzee mwenye uvimbe unaoshukiwa. Haifai kuwa mlango wa kwanza kwa kila mtu mwenye choo cheusi. Na ina hatari zake: dawa ya rangi inaweza kuumiza mafigo, hasa ya mtu aliyekwisha kupoteza damu nyingi na maji, na mama mwenye mimba anahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu ya mionzi.

Kabla ya mashini yoyote, kuna mambo yanayookoa maisha na ambayo hospitali ya zoni ya afya inaweza kuyafanya. Kutia mipira miwili mikubwa kwenye mishipa. Kutoa maji ya mshipa. Kupima kundi la damu na hemoglobini. Kutoa damu kwa mgonjwa ambaye hemoglobini yake imeshuka chini ya 7. Kwa wengi ambao hawana ugonjwa wa moyo, kiasi hicho kinatosha kuwa mpaka, na hakuna haja ya kumaliza mifuko ya damu kwa kumpandisha juu sana. Kumpa omeprazoli kama kidonda kinashukiwa. Kisha, mgonjwa akiisha kutulia, fibroskopi ndani ya saa 24. Asidi ya traneksamiki, ambayo inasaidia wamama wanaotokwa na damu baada ya kuzaa na watu wenye majeraha, haikusaidia kwa damu ya tumbo: uchunguzi ulioitwa HALT-IT, uliofanywa kwa wagonjwa zaidi ya 12,000 katika nchi 15 na kutangazwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba haipunguzi vifo, na inaongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa. Jamaa isiyo na pesa isipelekwe farmasi kununua dawa hiyo kwa ajili ya kidonda cha tumbo.

Damu yenyewe ndiyo shida kubwa kuliko skaneri. Friji ya damu inahitaji umeme usiku na mchana. Mifuko inahitaji vipimo vya UKIMWI, hepatitisi B na C, na kaswende. Mara nyingi jamaa inaambiwa ilete watu wa kutoa damu, lakini jamaa iliyohama haina ndugu katika mji ule. Wajomba wamebaki mlimani, majirani wametawanyika, wengine wako ng'ambo ya mpaka. Kumwambia mama aliyefika jana alete watu watatu wa kutoa damu leo ni kumwomba kitu ambacho vita imekwisha kumnyang'anya. Makanisa, misikiti, vyama vya wanafunzi na vyama vya wapanda moto vinaweza kufanya hapa kazi ambayo hakuna mashini inayoifanya: kutoa damu kwa ajili ya wageni, kwa kawaida, kabla mgonjwa hajafika.

Kuna magonjwa mawili ya hapa ambayo yanaonyesha kwamba kuuliza vizuri ni muhimu kuliko kifaa kikubwa. La kwanza ni kichocho cha tumbo. Watu wa kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Uvira na Fizi, na wale wa kando ya Ziwa Albert huko Ituri, wanaogelea, wanafua na kuteka maji penye konokono wanaobeba mdudu huyo. Baada ya miaka mingi ini linaharibika, bandama inavimba, na mishipa ya umio inajaa mpaka inapasuka. Mtu anatapika damu beseni nzima. Hapo ekografi ya bei ndogo, kwa kuonyesha ini na bandama, pamoja na swali moja kuhusu ziwa, zinaelekeza daktari haraka. Fibroskopi inafunga mishipa kwa mpira. Na kidonge cha prazikwanteli, kama kingetolewa mapema kambini na shuleni, kingezuia yote hayo.

La pili ni la watoto wadogo. Mtoto mwenye afya anaanza kulia kwa vipindi, anakunja miguu, anatapika, halafu anatoa choo chenye damu na kamasi kama jeli nyekundu. Huenda kipande cha utumbo kimeingia ndani ya kingine. Ekografi inaweza kuonyesha jambo hilo katika dakika chache, na utumbo unaweza kurudishwa kwa hewa au maji bila kisu, ikiwa mtoto amefika mapema. Mtoto huyo akitibiwa siku tatu kwa dawa za amiba, au akiingizwa dawa za majani kwa njia ya nyuma kama nyumba nyingi zinavyofanya, utumbo unaoza. Hakuna skaneri inayorudisha siku hizo tatu.

Wako wanaosema kwamba mazungumzo haya ni ya anasa. Watu waliohama hawana maji safi, kolera inarudi, malaria inaua watoto, unga haupatikani. Juu ya nini kuzungumzia fibroskopi? Hoja hiyo inasikika vizuri katika mikutano, lakini inasahau namna watu wanavyoishi kambini. Mtu aliyehama anabeba mizigo, mgongo unamuuma, anameza diklofenaki, ibuprofeni au indometasini bila kula. Dawa hizo zinachimba tumbo. Wengi pia wana mdudu anayeitwa helikobakta, yule ambaye Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba ndiye anayeleta vidonda vya tumbo, na ambaye anaenea kwa urahisi penye msongamano. Tifoidi nayo inakula utumbo na kuutoboa. Kwa hiyo damu ya tumbo inatokana na maisha yale yale ya maji mabaya, njaa na mizigo mizito. Anayemtunza mtu wa kambi kwa kolera na kumwacha afe kwa kidonda ametunza nusu ya mtu. Tena katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya, na haikuandika kwamba haki hiyo inaishia mtu anapohama.

Wengine wanasema kinyume: skaneri ipelekwe katika kila zoni ya afya, mambo yaishe. Nchi ina zoni za afya 519. Skaneri inahitaji umeme mwingi usioruka, chumba chenye kuta za kuzuia mionzi, fundi wa kuitengeneza, dawa ya rangi isiyoisha, na daktari anayejua kusoma picha. Katika mji ambao umeme unakatika na barabara au kiwanja cha ndege kinafungwa kwa vita, balbu yake ikiungua inaweza kukaa miezi bila kubadilishwa. Viongozi wanapenda kukata utepe mbele ya mashini kubwa kwa sababu inaonekana vizuri katika picha. Hakuna anayekata utepe mbele ya friji ya damu. Hata hivyo, mahali penye skaneri inayofanya kazi, ilindwe na bei yake ishuke, kwani inasaidia pia watu walioumia kichwa na wenye magonjwa mengine mengi. Lakini kwa damu ya tumbo, pesa za kwanza ziende kwenye damu, za pili kwenye fibroskopi na mikono inayojua kuitumia na kuisafisha kati ya mgonjwa na mgonjwa, na za tatu kwenye skaneri.

Kutokana na hayo, kuna mambo matano ambayo wakaaji wana haki ya kuyadai bila kungoja vita iishe.

La kwanza, divisheni ya afya ya jimbo itoe karatasi moja, kwa Kiswahili na Kifaransa, inayoonyesha hatua za kufuata kwa mgonjwa wa damu tumboni, na ibandikwe katika kila kituo cha afya. Iseme wazi maswali ya kuuliza: rangi ya choo, kutapika, dawa anazomeza, pombe, ziwa alilokulia, na tangu lini.

La pili, hospitali inayomtuma mgonjwa ipige simu kwanza. Ijue kama kule anakokwenda daktari wa fibroskopi yupo, kama damu ya kundi lake ipo, kama mashini inafanya kazi siku hiyo. Barua iandike saa ya kutokwa damu mara ya mwisho, hemoglobini na kiasi cha damu aliyopewa. Neno moja, skaneri, bila maelezo mengine, si barua ya kumtuma mtu.

La tatu, bei zibandikwe mlangoni, na jamaa iambiwe kabla ya kulipa kipimo hicho kinatafuta nini, na kitakachofanyika kama kikitoka safi. Mtu anayeuza mbuzi wa mwisho ana haki ya kujua ananunua nini.

La nne, mashirika yanayolipia matunzo ya waliohama yasiishie kwenye kituo cha kwanza. Kulipia maji ya mshipa na kuacha boti, damu na fibroskopi kwa jamaa ni kumfikisha mgonjwa katikati ya mto. Na mgonjwa aliyepona asizuiliwe hospitalini kwa deni. Hospitali zina shida zao, wauguzi wengi wanaishi kwa malipo ya wagonjwa kwa sababu serikali hailipi vya kutosha, na jambo hilo lisemwe wazi. Lakini kitanda kilichokaliwa na baba mzima kwa sababu ya deni ni kitanda ambacho mgonjwa mwingine amekikosa.

La tano, wauzaji wa dawa sokoni wafundishwe na wasimamiwe. Kukataza peke yake hakutoshi, kwani mgongo wa mbeba mizigo utaendelea kuuma. Aelezwe kwamba parasetamoli, kwa kiasi kinachoruhusiwa, haichimbi tumbo kama zile nyingine; kwamba anayepata maumivu ya tumbo au choo cheusi aache mara moja diklofenaki, ibuprofeni, indometasini na aspirini na aende kituo cha afya; na kwamba aliyeandikiwa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo amwambie daktari huyo kwanza.

Jamaa nazo zina sehemu yao. Choo cheusi kama lami si aibu ya kunyamazia, ingawa vidonge vya kuongeza damu, vile wanavyopewa wamama wenye mimba, vinaweza pia kugeuza choo kuwa cheusi. Mtu anayetapika damu, anayetoa choo cheusi kinachonata, au anayetoa damu nyekundu nyingi, apelekwe siku hiyo hiyo, hata usiku kama njia inaruhusu. Asipewe pombe, asipewe majani, asibebwe amesimama. Alazwe, na anayemsindikiza achukue maganda ya dawa zote alizokuwa anameza. Maganda hayo, yasiyogharimu hata franka moja, yanaweza kumwambia daktari zaidi kuliko picha ya dola nyingi.

Yule mama aliyeuza mashini ya kushona sasa anashona kwa mashini ya kukodisha, na kila jioni nusu ya pesa inaenda kwa mwenye mashini, sehemu nyingine inaenda kulipa deni la hospitali. Yeye halaumu skaneri. Anauliza jambo moja tu kwa majirani wanaokuja kumpa pole: katika siku zile zote, kutoka kituo cha afya hadi mjini, kwa nini hakuna mtu aliyemuuliza mume wake choo chake kilikuwa cha rangi gani? Swali hilo wanapaswa kulijibu wakubwa wa afya wa jimbo, na jibu la haki ni kuhakikisha kwamba mgonjwa atakayefika kesho ataulizwa mlangoni.